Tumbo la plastiki likishuka, tafuta kwanza kinacholibeba

Mwezi huu ukurasa wetu wa kazi za mikono unavuka bahari. Barua ilitufikia kutoka Kanada, katika jimbo la Ontario, kwa baba mumoja aliyezaliwa na kulelewa hapa kwetu, ambaye jamaa yake ingali inasoma gazeti hili. Anatuuliza neno ambalo hatujaulizwa hata siku moja. Amenunua, kwa bei ndogo, gari la zamani la pine sita, lile linalotembea kwa inchi kavu na kuelea ndani ya maji. Jina la kiwanda limefutika. Moteri inaimba vizuri. Lakini tumbo la gari, ambalo ni la plastiki tupu, limeshuka katikati sawa kitanda cha kamba zilizolegea, na upande wa nyuma, pale abiria wanakaa, karoseri imepinda mpaka kifuniko cha juu hakiketi tena sawasawa juu ya sehemu ya chini. Jirani amemwambia: « Lete shalimo, weka moto chini, sukuma na kriki, itarudia tu. » Na wakati wa joto baba huyu anataka kupeleka watoto wake watatu kuvua samaki katika ziwa. Anauliza kama amufuate jirani.

Baba, usimufuate. Tunasema vile mbele ya yote, kusudi barua hii isifike wakati shalimo imekwisha kuwashwa.

Nanyi wasomaji wengine, musigeuze ukurasa mukisema kwamba maneno ya Kanada hayatuhusu. Plastiki tunayozungumuzia ni ndugu ya bidoni la njano la kuchotea maji. Ni ndugu ya mabomba meusi manene ambayo makampuni ya shaba na kobalti yanalaza kwa metre na metre, na ya zile karatasi nene nyeusi zinazotandikwa chini ya mashimo ya maji ya asidi. Kijana anayejua tabia yake hatakosa kazi ya kufanya.

Wengi wenu hamujaona gari la namna hii. Fikirini beseni kubwa la plastiki, urefu wa metre mbili na nusu hivi, lenye pine nene tatu kila upande, ao ine. Pine zote zinavutwa na moteri kwa njia ya shene, na hakuna hata moja inayogeuka kuume ao kushoto. Dereva akitaka kukata kona, anazuia pine za upande mumoja, za upande mwingine zinaendelea kusukuma: ni akili ileile ya buldoza munayoiona kwenye mine. Ndani ya maji meno ya pine njo yanachota maji na kusukuma gari, pole pole, hata mutu anayetembea kwa miguu kandokando ya ziwa anaweza kulifuata. Kaskazini ya Ontario kumejaa maziwa na matope mazito ya majani yaliyooza. Kwa hiyo wawindaji, wavuvi, na watu wanaotafuta madini mbali na barabara wanayapenda magari haya. Yanayojulikana zaidi yanaitwa Argo; yanatengenezwa tangu 1967 na kampuni Ontario Drive & Gear katika muji mudogo wa New Hamburg, hukohuko Ontario. Kuna mengine ya zamani, ya Kanada na ya Marekani, ambayo viwanda vyake vilifungwa, na vipande vyake havipatikani tena dukani. Mwenye gari la namna hiyo anapashwa kutengeneza beseni alilo nalo.

Sasa, beseni lile lilifanywa namna gani? Kiwanda kinakamata karatasi nene ya plastiki, iliyo sawa kabisa kama meza. Inatiwa katika joto mpaka inalegea, kiisha inalazwa juu ya umbo, na mashini inavuta hewa kwa chini. Plastiki inanyonywa na kushika sura ya umbo. Inapoa, inakatwa kandokando, kazi imekwisha. Shika maneno mawili kutoka hapo. La kwanza: pale plastiki ilivutwa sana kuingia ndani, katika pembe za chini, ilibakia nyembamba kuliko kwingine. La pili ni kubwa zaidi: plastiki ile haisahau kama zamani ilikuwa karatasi iliyo sawa. Ukiipa joto kupita kiasi, haitarudia sura ya beseni unayotaka wewe. Inajaribu kurudia karatasi. Pembe zinafunguka, kuta zinajikunja, na pale palipokuwa nyembamba panatoboka. Mwenye shalimo anasimama pale na kriki mukononi, hajui aanze wapi.

Lakini hata kama moto ungekuwa wa kiasi, jirani angali amekosa. Yeye ameangalia plastiki. Hakuuliza ni kitu gani kilichopaswa kuibeba.

Chuma kinabeba, plastiki inafunika

Katika gari hili kuna shasi ya chuma ndani ya beseni. Moteri imekaa juu ya shasi, rulma za pine zinafungwa ku shasi, na viti vinapashwa kupeleka uzito wa watu ku shasi. Plastiki haikuwekwa kwa kubeba wazee wawili na sanduku la samaki. Kazi yake ni kuzuia maji. Basi ukiona plastiki imeshuka, ujue kwamba uzito umeanza kupita njia isiyo yake, na umepita siku nyingi.

Mumeona kiti cha plastiki kile ambacho baba munene anakalia kila magaribi mbele ya nyumba. Siku ya kwanza miguu imesimama. Mwaka wa pili miguu imefunguka kama mbuzi anayeanguka. Hakuna siku kiti kilivunjika. Ni uzito uleule, kila siku kidogo, na jua juu yake. Plastiki inatembea pole pole chini ya muzigo, na katika joto inatembea zaidi. Chuma cha shasi, chini ya muzigo wake wa kawaida, hakifanyi vile.

Muzigo huo unatoka wapi? Mara mingi ni maji ya mvua tu. Gari limelala inje mwaka muzima, kizibo cha chini kimefungwa, majani yameingia, maji yamejaa. Litre moja ni kilo moja: beseni lenye maji ya kufika kifundo cha muguu linabeba kilo mia na zaidi, usiku na muchana, pasipo mutu kukalia. Huko Kanada tena baridi inageuza maji kuwa barafu, na barafu inachukua nafasi kuliko maji, karibu sehemu moja ya kumi zaidi, inasukuma kuta. Mara ingine ni shasi yenyewe: kipande kimoja kimekatika pale kilisudirwa, ao kutu imekula buloni, na sasa kiti cha nyuma kinakaa juu ya plastiki tupu. Baba wa Ontario, kwa yale unayotuandikia juu ya upande wa nyuma, sisi tungeanza kutafuta pale. Na mara ingine ni moto wa gari lenyewe. Bomba la moshi linapita karibu na ukuta, tole iliyokuwa inakinga joto imeanguka, hakuna aliyeirudisha. Kama plastiki imeshuka mahali pamoja tu, na mahali pale panatazamana na bomba la moshi, hauna haja ya kutafuta mbali.

Kuna sababu moja ambayo hata mafundi wa kweli wanaisahau. Plastiki inarefuka katika joto na kufupika katika baridi, kupita chuma sana. Beseni la metre mbili na nusu, kutoka siku ya barafu mpaka siku ya jua la digri 40, linaweza kurefuka milimetre 15 hivi. Chuma cha urefu uleule kinarefuka milimetre moja tu na kidogo. Basi kama mutu amefunga beseni ku shasi na buloni ishirini, zote zimekazwa mpaka mwisho, katika matundu madogo ya mviringo, plastiki itaenda wapi ikipata joto? Haiwezi kwenda mbele, haiwezi kurudi nyuma. Inavimba kwa chini. Mwenye gari anaona tumbo, anaongeza buloni. Mwaka unaofuata tumbo ni kubwa zaidi.

Kwa nini sisi tunasumbuka na tumbo, kama gari lingali linatembea? Ni kwa sababu ya maji. Kwa inchi kavu plastiki isiyobebwa inainama chini. Ndani ya maji ni kinyume: maji yanasukuma juu. Beseni likizama sentimetre 20 tu, kila metre ya mraba ya tumbo lake inasukumwa na nguvu ya kilo 200. Basi plastiki ile inashuka ku njia, inapanda ku ziwa, inashuka tena, inapanda tena, na kila mara inakunjika mahali palepale, kwa musitari uleule. Kamata kipande cha waya, ukikunje huku na huku, utaona mwisho wake. Ufa wa namna ile haufunguki ku kivuko mbele ya nyumba. Unafunguka pale maji yanasukuma, na watoto wamekaa juu yake, na hakuna anayeona chini ya miguu yao.

Kwa hiyo kazi inaanza na kamba, si na moto. Inua gari na kriki, liweke juu ya magogo ya miti chini ya shasi, si chini ya plastiki. Ondoa maji yote, matope, vyombo, viti. Vuta kamba nyembamba chini ya tumbo kutoka mbele mpaka nyuma, ikaze, upime kila nusu metre ni sentimetre ngapi kati ya kamba na plastiki. Andika. Pima asubuhi, upime tena saa nane ya muchana. Kama tumbo linapanda lenyewe wakati muzigo umetoka, plastiki yako ingali na nguvu. Inaomba kubebwa tu, na moto hauna kazi hapa. Kama hata bila muzigo, hata asubuhi ya baridi, tumbo linabakia chini, basi limekwisha kushika sura mupya, na hapo joto kidogo litaomba kutumiwa. Wengi wanaruka kazi hii ya kamba kwa sababu haionekani kama kazi. Nusu ya magari haya yangepona na kamba na vipande viwili vya alimini.

Kiisha ondoa kifuniko cha juu, angalia shasi kipande kwa kipande. Gonga na nyundo ndogo pale kutu imefunika. Kama kuna kusudire, usifanye hata mara moja chuma kikiwa ndani ya beseni. Toa chuma inje. Tangi ya esanse itoke na iwekwe mbali, betri pia, na siku ya kazi isiwe siku ya watoto kucheza pale. Harufu ya esanse inalala ndani ya beseni kama maji, chini, hauioni.

Wakati shasi imesimama sawa, tazama nafasi kati ya chuma na chuma, pale plastiki inakaa peke yake. Ikiwa pana kuliko mikono miwili ya mutu iliyofunguliwa vidole, ongeza kipande cha alimini bapa ndani ya beseni, kikatwe pembe zake na kulainishwa, na chini yake kamba ya kauchu kusudi chuma kisikate plastiki. Mbao si nzuri hapa: zinakunywa maji, zinakuwa nzito, zinaoza mahali hauoni. Na sponji ya matandiko, tafadhali, hapana! Inakunywa maji kuliko mbao. Inje, chini ya tumbo, mutu anaweza kufunga karatasi nene ya plastiki ya namna ileile, iwe kiatu cha gari juu ya mawe.

Plastiki gani?

Kabla ya joto unapashwa kujua unashika plastiki gani, kwa sababu kuna mbili zinazopatikana zaidi katika magari haya, na dawa ya moja ni sumu ya ingine. Ya kwanza ni polietilene nzito, ile ya bidoni. Ya pili inaitwa ABS, ile ngumu ya masanduku ya safari na ya visanduku vya redio. Kuna tena mabeseni ya nyuzi za kioo, lakini hayo hayashuki, yanavunjika, tuyaache.

Kata kipande kidogo cha kucha mahali panapofichwa, chini ya mudomo wa kifuniko. Kitie katika kopo la maji, ukisukume chini mpaka hewa yote itoke juu yake. Polietilene inarudi juu na kuelea. ABS inazama. Ukitaka kuhakikisha, toka inje, shika kipande na koleo, ukiwashe kidogo. Polietilene inawaka na kudondosha matone, na ikizimika inatoa harufu ya mushumaa. ABS inatoa moshi mweusi wenye masizi na harufu kali, usivute ndani. Mama moja wa kuuza mabeseni ku soko angekuambia jibu kwa kugusa tu na ukucha: polietilene inateleza sawa sabuni, ABS inalia.

Basi joto. Polietilene inayeyuka karibu na digri 130. Hatutaki kuyeyusha, tunataka kulegeza, na kwa kulegeza kuna chombo kizuri ambacho hakiwezi kupita kiasi: maji ya kuchemuka. Hata ukiongeza makala ku mbabula, maji hayapandi juu ya digri 100. (Lubumbashi, kwa sababu muji umekaa metre 1,200 hivi juu ya bahari, yanachemuka hata mbele, ku digri 96, wamama wanaopika maharagi wanajua kwamba kazi ni ndefu.) Tandika vitambaa vizito ndani ya beseni juu ya pale palishuka, umwage maji ya moto, ufunike, uongeze tena, nusu saa ao zaidi. Siku ya jua kali ni musaidizi. Kama una mashini ya kupuliza hewa ya moto, itumie, lakini mukono usisimame. Pita huku na huku kama mutu anayepiga pasi, na uangalie rangi. Polietilene ikianza kungaa na kuonekana kama inapitisha mwangaza, imefika karibu ya kuyeyuka: toa moto mara moja. Kwa ABS maji ya moto hayatoshi, inaomba hewa ya moto, na alama yake ya hatari ni vipovu vidogo juu ya ngozi. Shalimo haina nafasi, kwa hii wala kwa ile.

Wakati plastiki imelegea, sukuma kutoka chini na ubao mupana, kriki chini ya ubao, pole pole, muzunguko mumoja, ngoja, muzunguko mwingine. Ubao uwe mupana: ukisukuma na kichwa cha kriki tupu utapata kilima kidogo katikati ya bonde. Kamba yako ingali pale, pima. Pitisha kidogo juu ya musitari, milimetre chache, kwa sababu plastiki itarudi kidogo nyuma. Na sasa kazi ngumu kuliko zote: acha. Usimwage maji ya baridi kwa kuharakisha. Ubao ubakie umekaza mpaka asubuhi. Kijana asiye na subira aende alale, fundi wa kazi hii ni usiku.

Asubuhi, mbele ya kuondoa kriki, funga vile vipande vya kubeba. Kama unaondoa kriki kwanza na kufunga kiisha, umefanya kazi ya bure.

Juu ya matundu ya buloni: chagua buloni za katikati zikae katika matundu ya mviringo, zishike beseni mahali pake. Zingine zote, mbele na nyuma, panua matundu kwa urefu wa gari, yawe kama yai, milimetre saba ao nane kila upande kwa yale ya mwisho kabisa. Tia rondele pana chini ya kila kichwa, na usikaze mpaka plastiki inalia. Ikaze iweze kuteleza. Hii ni kwa matundu yaliyo juu ya musitari wa maji. Chini ya musitari usiongeze tundu kama unaweza kukosa. Kama lazima, weka rondele pana yenye kauchu, huku na huku, kwa sababu silikoni na kole za dukani hazishikamani na polietilene. Utaiona imekauka vizuri, kesho unaitoa na vidole kama ganda la ndizi.

Kama kuna ufa, toboa kwanza tundu la milimetre ine kwa kila mwisho wa ufa, kusudi usiendelee kutembea. Ukwaruze kandokando, ufanye mufereji, ujaze. ABS inajazwa na uji wake mwenyewe: vipande vya ABS ndani ya asetone, mpaka vimeyeyuka na kuwa sawa uji muzito. Polietilene hairuhusu kole. Inaomba kusudirwa na fimbo ya polietilene na hewa ya moto ya digri 270 mpaka 300, mudomo wa ufa na fimbo viyeyuke pamoja. Vijana wanaotengeneza mabeseni ya wamama ku soko na kisu cha moto wanafanya kitu kinachofanana. Kwa beseni la kufulia inatosha. Kwa chini ya musitari wa maji, pale watoto wanakaa, hatushauri kisu cha moto. Tafuta mutu anayesudire mabomba ya polietilene, na umwombe aweke kiraka pande mbili.

Kiisha usisahau pine. Tumbo likipanda, matundu ambamo vyuma vya pine vinapita yanapanda pia. Zile kauchu zinazozuia maji pale zilikwisha kuzoea mahali pabaya. Sasa zinaweza kukaa upande. Zungusha kila pine na mukono, usikilize, utazame kama kauchu inashika sawa kuzunguka chuma. Tia grisi. Maji mengi yanayoingia katika magari haya hayapiti ku ufa wowote, yanapita pale.

Ku ziwa, baba, usiende na watoto siku ya kwanza. Nenda na mutu mukubwa anayejua kuogelea, mahali maji yanafika kiuno, bila upepo, kamba ndefu imefungwa ku gari na ku muti wa kivuko. Gile za kuelea mwilini, si chini ya kiti. Funga kizibo. (Musicheke, ni neno linalosahauliwa na wengi.) Piga musitari wa rangi inje ya beseni pale maji yanafika, gari likiwa bila abiria. Kaa saa nzima, kiisha rudi inje, inamisha gari, fungua kizibo juu ya ndoo. Kikombe kimoja ni jasho la kauchu. Ndoo nzima ni ufa ao kauchu mubaya, na gari linarudi juu ya magogo. Siku ya pili weka mifuko ya muchanga kwa uzito wa watoto watatu na vyombo vyao, pale watakaa, upime tena ni kiasi gani kinabakia kati ya maji na mudomo wa beseni. Uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba ndani ya maji ni mudogo kuliko ule wa inchi kavu. Wewe na watoto na samaki na barafu ya samaki, vyote vinahesabiwa.

Na kama wakati wa kukwaruza umeona plastiki imegeuka nyeupe kama chokaa, na ukikunja kipande kinakatika pasipo kuinama, basi jua la miaka limeila mpaka ndani. Hapo tunakuomba usitie fedha tena. Gari lile linaweza kubeba kuni na kupita matopeni miaka mingi, lakini kwa inchi kavu tu, na kizibo kiondolewe na kutupwa, kusudi mutoto atakayekomaa asijaribu.

Likipona, wakati wa baridi lilaze chini ya paa, magogo chini ya shasi, kizibo wazi, mbele imeinuliwa kidogo kupita nyuma. Usiweke kitu juu ya viti.